Baada ya Fainali, Timu Inarudi kwa Nani?

Hotuba ya mwalimu mstaafu, aliyewahi kuwa mhazini wa timu ya mji, mbele ya wadau wa soka mjini Mafinga, wilaya ya Mufindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa chama cha soka cha wilaya, wazee wetu, walimu wenzangu, akina mama mliofunga genge mapema mkaja, na nyie vijana wa bodaboda mliosimama nyuma kwa sababu viti vimeisha: kamwene!

Nashukuru kwa kuitikia kwa nguvu. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie maendeleo ya soka wilayani. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa nizungumzie Kombe la Shirikisho, hili ambalo wengi wetu tunaliita FA, naye amekubali. Nimelichagua kwa sababu ndilo shindano pekee nchini linaloweza kuikutanisha timu ya mji kama huu na Simba au Yanga bila kusubiri miaka kumi ya kupanda madaraja. Na nimelichagua kwa sababu nyingine inayoniuma, nitaifikia.

Tarehe 6 Mei 2019, siku ya Jumatatu, nilipanda Coaster asubuhi hapa stendi nikaenda Iringa mjini. Baridi ilikuwa ile yetu ya Mei, vioo vimefunga ukungu, na ndani ya gari kila mtu anazungumza habari moja: Lipuli ya Iringa anacheza na Yanga nusu fainali, Uwanja wa Samora. Nilifika getini saa tano na foleni ilikuwa tayari imezunguka ukuta. Mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha aliniambia sufuria lake limekwisha na mechi haijaanza, amemtuma mwanawe nyumbani akalete jingine. Ndani nilikaa karibu na mzee mmoja wa Kihehe aliyejifunga mgolole kana kwamba anakwenda kwenye baraza la ukoo. Hakupiga kelele hata mara moja. Lipuli walipofunga bao la pili, alinishika mkono, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, baba. Mechi iliisha 2-0. Selemani Matola ndiye alikuwa kocha wa Wanapaluhengo, yaani Lipuli, siku ile, na nadhani hakuna mtu Iringa aliyekula chakula cha jioni kwa wakati.

Nawasimulia haya kwa sababu kuna watu wanasema Kombe hili ni dogo, halina uzito kama Ligi Kuu. Mimi nilikuwapo Samora, na sitakubali neno hilo.

Kwa wale wadogo ambao hamkumbuki, shindano hili lilirudi msimu wa 2015/16 baada ya kusimama miaka mingi. Lilianza kwa jina la Azam, siku hizi lina jina la Benki ya CRDB. Namna linavyochezwa ndiyo inayolipa utamu. Timu za Ligi Kuu, za Championship na First League, yaani madaraja mawili yaliyo chini yake, na mabingwa wa mikoa wanaingia kwenye chungu kimoja. Mnacheza mara moja tu, hakuna marudiano, na mkitoka sare mambo yanamalizwa hapohapo. Bingwa anapewa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwenye ligi, timu kubwa ikiteleza Jumamosi inajirekebisha Jumatano. Kwenye Kombe hakuna Jumatano.

Desemba 2017 Simba walikuwa mabingwa watetezi. Wakapangiwa Green Warriors, timu ya Daraja la Pili. Dakika tisini 1-1, penalti, Simba nje. Kocha wao, Joseph Omog, akapoteza kazi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Desemba 2018, watu wakiwa bado wanamalizia pilau ya Krismasi, Mashujaa kutoka Kigoma, timu ya Daraja la Kwanza, waliingia Uwanja wa Taifa Dar es Salaam wakaifunga Simba 3-2. Ndani ya Taifa! Aprili 2024 Mashujaa hao hao, safari hii wakiwa wameshapanda Ligi Kuu, wakawatoa Simba tena kwa penalti, kwao Kigoma, pale Lake Tanganyika.

Na kabla ya hapo kuna Mbao FC ya Mwanza. Sisi watu wa misitu, jina lao tu lingetosha tuwapende. Aprili 2017 waliwafunga Yanga 1-0 CCM Kirumba kwenye nusu fainali, wakaenda Dodoma kucheza fainali na Simba. Dakika tisini zikaisha bila bao. Muda wa nyongeza Simba wakatangulia, Mbao wakasawazisha, na watu wakaanza kuhesabu wapiga penalti. Ikaja penalti moja mwishoni kabisa, Shiza Kichuya akaiweka ndani, 2-1. Simba walikuwa hawajacheza mashindano ya Afrika kwa miaka kadhaa, na tiketi ya kurudi huko waliipata jioni ile. Yaani hata timu kubwa, mlango wake wa kwenda nje ulifunguliwa na Kombe hili, na aliyekuwa ameushika mlango usifunguke ni timu iliyokuwa msimu wake wa kwanza tu Ligi Kuu.

Jambo la pili ninalolipenda ni mahali fainali zinapochezwa. Fainali ya 2017 ilikwenda Jamhuri, Dodoma. 2018 Sheikh Amri Abeid, Arusha. 2019 Ilulu, Lindi. 2020 Nelson Mandela, Sumbawanga. 2021 Lake Tanganyika, Kigoma, na ile ilikuwa Simba na Yanga zenyewe, watani wa jadi, wamesafiri mpaka mwisho wa reli. Mwaka huo nusu fainali moja ilipigwa Majimaji Songea na nyingine Ali Hassan Mwinyi, Tabora. 2023 fainali ikawa Mkwakwani, Tanga. Kaeni na orodha hiyo kidogo. Lindi, Sumbawanga, Kigoma: miji ambayo ikitajwa redioni, mara nyingi ni habari za barabara au za mvua.

Mdogo wangu ameolewa Sumbawanga. Alinisimulia siku zile za Julai na Agosti 2020. Gesti zilijaa mpaka za njia ya kwenda Mpanda, watu wakalala kwenye mabasi. Yeye alitoa chumba cha watoto kwa wageni wanne kutoka Ruangwa, watoto wakalala sebuleni siku tatu, na fedha aliyopata alimalizia kupiga plasta jiko lake. Lakini alichokumbuka zaidi ni uwanja. Walipanda nyasi, walipaka rangi majukwaa, waliweka vyoo. Mechi ikaisha, Simba akachukua kombe, 2-1, wageni wakaondoka. Nyasi zikabaki. Mwanawe alicheza juu ya zile nyasi kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kabla ya hapo alikuwa anacheza kwenye changarawe na magoti yake yalikuwa kama ramani.

Ndiyo maana niliumia mwaka 2024. Babati walikuwa wametangaziwa fainali, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, kisha ikahamishwa kwenda New Amaan, Zanzibar. Mwaka 2025 fainali ikachezwa Amaan tena. Ndugu zangu, sina neno baya na Zanzibar, Amaan ya sasa ni uwanja mzuri na Wazanzibari ni watu wa mpira. Na nawapongeza waliopanga, kwamba 2025 Babati walau walipata nusu fainali, wakawaona Singida Black Stars wakiifunga Simba 3-1. Ombi langu kwa viongozi mliopo hapa mlifikishe TFF, shirikisho la soka la nchi yetu: fainali irudi mikoani, na ipangwe mapema, mwaka mzima kabla, ili mji uwe na muda wa kupanda nyasi. Nyasi hazioti kwa wiki tatu.

Sasa nifike kwenye kile kinachoniuma.

Kuanzia 2017 mpaka 2020, miaka minne mfululizo, kila fainali ilikuwa na timu kutoka nje ya zile tatu kubwa za Dar es Salaam, Simba, Yanga na Azam. 2017 Mbao ya Mwanza. 2018 zilikuwa mbili, Mtibwa Sugar ya Turiani ikaifunga Singida United 3-2. 2019 Lipuli yetu ya Iringa, ikafungwa 1-0 na Azam kwa bao la Obrey Chirwa. 2020 Namungo ya Ruangwa. Ukisoma orodha hiyo unaweza kusema soka la mikoani limeamka.

Tazameni sasa msimamo wa Ligi Kuu ulipofungwa mwaka 2020. Lipuli imeshuka. Singida United imeshuka. Mbao imekwenda mchujo, imetolewa na Ihefu, imeshuka. Timu tatu zilizocheza fainali tatu mfululizo, zikashuka msimu mmoja. Tarehe 2 Agosti Namungo wanaingia uwanjani Sumbawanga kucheza fainali ya nne, na wenzao watatu waliowatangulia kwenye njia ileile wanafungasha.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Ipogolo, pale Iringa, nikingoja gari. Kijana anabeba matenga ya nyanya, amevaa jezi ya Lipuli. Bega la kulia limechanika kwa ajili ya mizigo, maandishi ya kifuani yamepauka, namba mgongoni imebaki nusu. Nikamuuliza, mwanangu, uliinunua lini? Akasema, siku ya Yanga. Nikamuuliza kama bado anakwenda Samora. Akasema: "Kuangalia nini, mwalimu?" Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta jibu la swali lile tangu siku hiyo, na ndicho nilichokuja kuwaeleza leo.

Timu ya mji mdogo inaishi kwa vitu vitatu. Kuna mapato ya getini, na hayo ukweli wake ni mechi mbili kwa mwaka, Simba akija na Yanga akija. Kuna fungu la televisheni na udhamini wa ligi. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, fedha nyingi, nami nashukuru. Lakini fedha hiyo ni ya ligi, na anayeshuka daraja anaiacha mlangoni. Halafu kuna mfadhili. Mfadhili ndiye analipa kambi, ndiye analipa kocha, ndiye anampigia simu mwenye basi. Mfadhili akiwa na moyo, timu inapaa. Mfadhili akichoka, akiugua, biashara yake ikiyumba, akihamishwa kazi, akishindwa uchaguzi, timu inakufa na yeye hajafanya kosa lolote.

Hili nimelishuhudia kwa macho yangu. Wengine mliopo hapa mlikuwa wachezaji, mtanisahihisha. Niliwahi kuwa mhazini wa timu ya mji huu. Tuliwahi kuchukua ubingwa wa mkoa, tukapangiwa kituo mbali, mkoa mwingine kabisa, kucheza ligi ya mabingwa wa mikoa. Tulikuwa na mfadhili, mtu mwema, sitamtaja jina. Alitupa basi la kwenda na fedha ya siku nne. Siku ya tano simu yake ikawa haipokelewi. Siku ya sita haipatikani. Wachezaji ishirini na wawili walikuwa wamelala kwenye darasa la shule ya msingi, juu ya madawati yaliyounganishwa, na mimi nalala nyumbani kwa mwalimu mkuu wa pale. Nilifua jezi usiku kwenye beseni la kuazima, nikazianika kwenye goli la uwanja wa shule, asubuhi zilikuwa bado mbichi na vijana wakazivaa hivyohivyo. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Kipa wetu alikuwa amekunywa chai kavu tangu jana yake. Tulifungwa mabao mawili dakika kumi za mwisho, na aliyetufunga hakuwa bora kuliko sisi, alikuwa ameshiba.

Nauli ya kurudi niliikopa kwa mke wa mwalimu mkuu, akauza gunia la mahindi. Nililirudisha deni lile kwa miezi mitano. Nina daftari la safari ile. Hili hapa. Ukurasa wa mwisho una majina ya wachezaji na fedha waliyokuwa wanaidai timu, shilingi elfu nne kila mmoja. Nilikuja kumlaumu sana yule mfadhili moyoni. Leo naona tulimwonea. Mji mzima ulikuwa unashangilia, na mfuko mmoja tu ndio uliokuwa unalipa.

Msidhani kwamba haya ni ya timu za madaraja ya chini. Biashara United ya Musoma ilifika nusu fainali ya Kombe mwaka 2021, na kwenye ligi ikamaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mji wa Musoma barani Afrika! Raundi ya kwanza wakawatoa Dikhil ya Djibouti. Raundi ya pili wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa nyumbani. Wakahitaji tu kwenda Libya kulinda mabao mawili. Hawakusafiri. Mechi ya marudiano haikuchezwa na wakatolewa, na msimu ule ule ulipokwisha wakashuka daraja. Mimi nikisikia habari ile niliona darasa lile la shule ya msingi, madawati na jezi mbichi, isipokuwa safari hii palikuwa na ndege badala ya basi.

Halafu kuna Ihefu. Hawa ni majirani zetu, ukishuka hapa kwenda Mbeya unawapitia, Mbarali, bonde la mpunga. Novemba 2022 Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Nani aliikata rekodi ile? Ihefu, 2-1, kwenye uwanja wao wa Highland Estates. Watu wa Ubaruku walilala barabarani kwa furaha. Mwaka 2024 timu ile ikahamia Singida, jina likawa Singida Black Stars, na Juni 2025 ikacheza fainali ya Kombe na Yanga, ikafungwa 2-0. Sheria iliruhusu, na Singida ni Watanzania wenzetu, nao waliwahi kuipoteza Singida United. Silaumu mtu. Nauliza swali la mwalimu: mtoto wa Mbarali aliyelia kwa furaha siku ya Novemba 2022, timu yake iko wapi? Kwenye karatasi ilicheza fainali. Yeye aliitazama kwenye banda la video ikiwa na jina la mji mwingine, na hakuna mtu aliyemuuliza, kwa sababu hakuna daftari lolote lililoonyesha kwamba timu ile ilikuwa yake.

Na zile zilizobaki zimebakije? Namungo bado ipo Ligi Kuu. Ilimaliza nafasi ya nne msimu wake wa kwanza, fainali ya Sumbawanga ikaipa tiketi ya Afrika kwa sababu Simba alikuwa tayari bingwa wa ligi, na ikafika makundi. Timu ya Ruangwa ikacheza na Raja Casablanca na Pyramids. Walipoteza mechi zote sita za makundi, na mimi kila mechi nilikaa redioni, maana kushindwa na Raja ni heshima ambayo wilaya nyingi hazijaipata. Lakini tuseme ukweli, Namungo ilikuwa na mlezi mzito, Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu wakati huo. Uwanja wao unaitwa Majaliwa. Wilaya zetu zote haziwezi kuwa na Waziri Mkuu. Mtibwa wana kiwanda cha sukari nyuma yao. Walishuka 2024, mwaka uliofuata wakarudi, na nadhani kiwanda kile kilisaidia.

Sisi Mufindi tuna nini? Tuna chai. Tuna karatasi kule Mgololo. Tuna mbao, tuna nguzo za umeme zinazopita barabarani usiku na mchana kwenda nchi nzima. Wenye viwanda na wenye misitu mpo hapa, nimewaona, nitakuja ofisini kwenu, msinifungie mlango. Lakini kwenu ninyi sitaomba mtu mmoja atuchukulie timu. Nimeshaliona mwisho wake.

Ninachoomba ni hiki. Timu ya mji iwe na wanachama, wenye kadi, wanaolipa shilingi elfu moja kwa mwezi. Tukipata watu mia sita, na hapa tu ndani naona zaidi ya mia mbili, hiyo ni laki sita kwa mwezi, milioni saba na laki mbili kwa mwaka. Haitamleta mchezaji kutoka Ghana. Itakodi basi la mechi zote za ugenini kwenye ligi ya mkoa, na itahakikisha kipa hachezi na chai kavu. Fedha ikae benki kwa sahihi za watu watatu, na kila mwezi hesabu ibandikwe pale sokoni, kwenye mbao za matangazo, mahali ambapo mama wa genge anaweza kuisoma akiwa anapanga nyanya. Nimekuwa mhazini, najua mtu akiona shilingi yake ilipokwenda, mwezi unaofuata analeta nyingine bila kufuatwa.

Kisha katiba. Iandikwe waziwazi kwamba jina la timu na makao yake havibadilishwi mpaka wanachama wapige kura. Mfadhili akija, karibu, apewe kiti na heshima yake, lakini mji ubaki na hisa nyingi. Simba na Yanga, pamoja na matajiri wao, kanuni imewabakizia wanachama asilimia 51. Kama kanuni hiyo inawafaa wenye mamilioni ya mashabiki, sisi wenye timu moja tu mjini inatufaa zaidi.

Na ombi moja la mwisho kwa TFF, mwenyekiti uliandike. Droo ikimpanga bingwa wa mkoa na timu ya Ligi Kuu, mechi ichezwe kwa mdogo. Ufaransa wanafanya hivyo kwenye Kombe lao, timu iliyo chini kwa madaraja mawili au zaidi ndiyo inayokuwa mwenyeji. Mwaka 2000 timu ya ridhaa ya mji wa bandari wa Calais ilifika fainali kule, ikafungwa 2-1 na Nantes dakika za mwisho. Nauli ya kwenda Dar es Salaam kucheza Chamazi, nyumbani kwa Azam, inaweza kumaliza bajeti ya mwaka ya timu ya wilaya. Mlete Azam hapa, kwenye ukungu huu wa Juni, tuone. Na mapato ya getini siku hiyo yatajenga choo cha uwanja, ambacho hatuna, na akina mama mnaokuja mpirani mnajua nasema nini.

Najua kuna watakaouliza kama elfu moja itatufikisha fainali. Sijui kama tutafika. Lipuli walifika, Mbao walifika, Singida United walifika. Mimi namfikiria yule kijana wa Ipogolo mwenye jezi iliyochanika, na ninataka akiuliza "kuangalia nini", pawepo na timu uwanjani Jumamosi inayofuata, iwe Ligi Kuu au ligi ya wilaya, yenye jina lilelile na jezi ya rangi ileile.

Daftari hili la safari yetu lina kurasa nyingi tupu. Ule ukurasa wa madeni nimeuacha kama ulivyo, na wachezaji wanne kati ya wale nimewaona wameketi hapa mbele. Wanangu, elfu nne zenu ninazo kwenye bahasha, baada ya mkutano mnione. Kwenye ukurasa unaofuata nimeandika "Wanachama", na namba moja ni jina langu, nimelipa mwaka mzima. Mhazini mpya yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti, msikubali kutoka bila risiti. Mazoezi ni kesho saa kumi jioni, uwanja wa shule. Mipira ipo mitatu, mmoja unavuja, na chokaa ya mistari bado tunaitafuta, mwenye nusu mfuko uliobaki kwenye ujenzi wake aniambie.

Asanteni sana.